Pini Tisa za Alhamisi

Jiwe lililopakwa rangi ya bluu, walimwambia, kisha kata kushoto penye fundi cherehani. Mgeni alikuwa ameshaona mawe matatu ya bluu na mafundi cherehani wawili, na bado njia ilizidi kupanda. Mtaa wa Mabatini, hapa Mwanza, umejengwa kama vile mtu alizimwaga nyumba kutoka kilele cha kilima na kila moja ikang'ang'ania jiwe la kwanza ililolikuta: ukuta wa jiko umeegemea jabali, kamba ya nguo imefungwa kwenye jabali, na choo cha jirani kiko usawa wa paa lako. Mgeni amekanyaga miji mingi ya milimani, katika nchi ambazo hata majina ya mitaa yake hakuweza kuyasoma, na kila mara alijisifu kuwa hapotei. Leo alipotea mara mbili katika nusu saa, na jasho la basi la alfajiri kutoka Musoma lilikuwa halijamkauka mgongoni.

Mlango aliokuwa akiutafuta aliutambua kwa kanga nyekundu. Rozina wa Musoma alikuwa amemwonya: ukikuta kanga imetundikwa mlangoni, usiite.

Aliita. Ulimi ulimtangulia. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kusimama kwenye mlango wa watu akanyamaza kama mwizi.

"Hodi!"

"Shii!" sauti ilimjibu kutoka chini. Pembeni mwa mlango, juu ya kigoda, alikaa mama wa miaka sabini hivi, ungo wa mchele mapajani. "Salamu nipe mimi. Yule wa ndani hasalimiwi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na ya yule wa ndani marahaba pia, namwitikia mimi. Kaa hapo kwenye jiwe, lina kivuli."

Mgeni akakaa. Njiani, kati ya Bunda na Magu, alikuwa amejifunza salamu ya Kisukuma kwa abiria mwenzake, akaona huu ndio wakati wa kuitumia. "Mwangaluka, mayu."

Mama akaacha kupepeta. "Mwangaluka! Kisukuma umekiokota wapi wewe?"

"Njiani."

"Uliokota kitu kizuri. Ila ulipokuwa unapanda hapa umekidondosha kidogo." Akacheka kwa kuficha mdomo kwenye ukingo wa kanga yake, bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Ndani, Wilhelmina alisikia kila neno, na magoti yake yalitaka kukunjika. Mgeni amefika kutoka safari ya mbali, mtu mzima, na yeye mwenye nyumba amempa mgongo. Kwao Kisesa, msichana aliyemsalimu mkubwa akiwa amesimama, mama yake ndiye aliyetazamwa vibaya. Alishazoea kufanya hivi wiki ya tatu sasa, lakini magoti hayajui kuzoea. Akayabana pamoja chini ya meza na kuendelea kuzungusha.

Mkono wa kushoto ulishika waya wa shaba, uliotolewa kwenye mota iliyoungua, ukanyooshwa na kukatwa urefu wa kidole cha kati. Mkono wa kulia ulishika kijiti cha kioo, kipande cha chupa ya kijani. Vyote viwili vilikuwa mbele ya ndimi za moto wa gesi, bluu na nyembamba, zikivuma kama nyuki. Kioo kilipowaka na kulegea kama asali, aliigusisha ncha ya waya, akazungusha, na tone likaganda pale juu kama kichwa juu ya shingo. Kichwa hicho ndicho kinachoufanya waya kuwa pini ya sonara: mwingine ataukunja waya huo, aufanye hereni au kidani, na watu watasifia lile tone la kijani bila kujua kuwa lilikuwa chupa.

Ugumu unaanzia hapo. Tone halitaki kusimama. Lizungushwe, litolewe nje ya moto kidogo tu lishike umbo, kisha liingie moja kwa moja kwenye chungu cha majivu ya pumba za mpunga, yaliyopashwa joto juu ya jiko la mkaa. Humo litalala mpaka kesho. Kioo kinachopoa upesi kwa nje huku ndani kikiwa bado na moto hujivuta chenyewe. Kinaweza kuonekana kizima siku mbili. Kinangoja kifike kwa mteja, ndipo kiseme *tik*.

Wilhelmina alikuwa ameisikia hiyo *tik* mara nyingi mwaka huu.

Hakuwa fundi wa kuzaliwa. Wazazi wake ni wakulima wa mpunga na pamba, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo kufika chuo cha ualimu cha Butimba. Alihitimu vizuri, akatuma maombi ya ajira, akangoja. Alingoja miaka saba. Katika miaka hiyo aliolewa na Masele, fundi friji, akamzaa Winnie, akafundisha shule ya chekechea ya mtu binafsi mpaka mwenye shule akaamua kufuga kuku katika madarasa yale. Masele akapata kazi ya kutengeneza vyumba vya barafu visiwani, kule samaki wanakohifadhiwa, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Alinunua vifaa vipya. Vya zamani, mtungi mdogo wa gesi na mdomo wake wa kuchomelea shaba, vikabaki chini ya kitanda.

Siku hizo Wilhelmina alikuwa akiuza hereni za vipande vya chupa alivyosugua kingo kwa jiwe. Rozina alimkuta sokoni. Ni sonara mwenye karakana yake Musoma, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, na alikuja Mwanza kutafuta shanga. Alizitazama zile hereni, akatoa kwenye pochi pini moja ya kichwa cha kioo.

"Hii natoa nje ya nchi. Ikifika imeshapita mikono sita. Ukiweza kunitengenezea kama hii, sitaagiza tena, na wewe utakuwa na kiti kwenye meza yangu."

Wilhelmina alirudi nyumbani akavuta mtungi wa chini ya kitanda. Miezi mitano alichoma vidole, akachoma pazia, akachoma daftari la Winnie la hesabu. Mwezi wa sita alituma Musoma pini mia na ishirini. Alizichomeka kwa safu kwenye kipande cha godoro kuukuu, safu za siku moja ya wiki pamoja, na pembeni akaandika kwa kalamu siku na saa aliyozitengeneza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mwalimu hawezi kuacha kazi bila tarehe.

Zilipofika, thelathini na nne zilikuwa zimepasuka vichwa. Rozina alizirudisha vilevile zilivyokuwa kwenye godoro lake, akapiga simu.

"Mwalimu," alisema, "sahihisha kazi yako."

Alisahihisha. Alibadilisha gesi. Alibadilisha mkaa. Alichekecha majivu upya, akaacha chupa za kahawia akabaki na za kijani peke yake. Mzigo wa pili ulikuwa wa pini tisini. Ishirini na saba zikapasuka, na godoro likarudi tena. Rozina safari hii hakutania. "Mama Winnie, mimi nina kiti kimoja tu. Kuna kijana Bunda anakiomba. Nakupa mara ya tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Zikikaa siku tatu ndani ya kopo bila kupasuka, panda basi uje, tutafanya kazi pamoja. Zikipasuka, tubaki marafiki."

Jioni ile ile Wilhelmina alikaa uani na lile godoro mapajani, akizitazama pini bila kuziona. Mkwewe, Mama Modesta, huyu wa kigoda, alikuwa anamenya viazi. Mama Modesta hakusoma sana, lakini hajawahi kumsahau mtu aliyekanyaga kizingiti chake. Anaweza kukwambia nani alikuja siku ya msiba wa mumewe, na alivaa nini, na alikula kiasi gani.

"Mbona zimepasuka kwa makundi?" aliuliza.

"Makundi gani, mama?"

"Hizi tatu ziko pamoja. Hizi mbili pamoja. Huku katikati nzima zote. Umeandika nini hapo pembeni?"

"Jumatatu, saa nne."

"Jumatatu saa nne alikuja Mzee Luhende. Alikuja kuuliza habari za ng'ombe wa Masele."

"Masele hana ng'ombe."

"Najua. Na yeye anajua. Anawaulizia kila wiki, na kila wiki wewe unampigia goti unamwambia hawajambo." Mama Modesta akaweka kisu chini. "Hizi mbili?"

"Jumatano. Saa tano."

"Kija wa dagaa. Alikueleza habari za harusi ya mdogo wake mpaka mboga ikaungua."

Wilhelmina aliacha kidole juu ya yale maandishi. Alijiona: hodi inapigwa, anatoa pini kwenye moto, anaiweka juu ya tofali, anainuka, anavua miwani, anakunja magoti, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi, za mvua, za wagonjwa. Chungu cha majivu kiko wazi, mlango uko wazi, upepo wa ziwa unaingia mpaka ndani. Kisha anarudi, anairudisha ile pini iliyopoa kwenye moto mkali, na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea.

"Jumapili?" aliuliza mama.

"Jumapili hakuna hata moja."

"Jumapili wote tuko misani, wewe ulikwenda ile ya alfajiri. Na hizi?" Kidole chake kilikuwa juu ya kundi kubwa kuliko yote. Safu tatu, kila safu tatu. Tisa.

Wilhelmina alisoma pembeni. Alhamisi, saa kumi na moja. Alhamisi, saa kumi na moja. Alhamisi.

"Sema, Mama Winnie."

"Sijaandika vizuri, mama."

"Wewe? Hujaandika vizuri?" Mama Modesta alizitazama zile tisa. Alhamisi saa kumi na moja ndiyo saa sala ya jumuiya inapoisha. Ndipo yeye anaporudi, anaketi, na mkamwana wake anatoka ndani kumpigia goti, na yeye anamsimulia nani alisali nini. Hakuna salamu aliyoipenda kama hiyo katika wiki nzima.

"Hizo ni mimi," alisema.

Akachukua kisu, akamaliza viazi. Kesho yake Wilhelmina alimpikia, alimfulia, alimtandikia, na hakugusa gesi. Kumwambia mama mkwe asisalimiwe? Hata kulifikiria jambo hilo kulimfanya aone aibu mbele ya ukuta. Afadhali kiti cha Rozina kiende Bunda.

Siku ya tatu asubuhi alikuta kanga nyekundu imetundikwa mlangoni. Ilikuwa kanga nzuri ya mama, ya sikukuu. Nje yake, kigodani, mama mwenyewe alikuwa ameketi na ungo.

"Washa moto wako," alisema bila kugeuka. "Anayetaka salamu aje kwangu. Mimi nina muda, na sina kitu kinachopasuka."

"Mama, watu watasema."

"Waseme hapa mlangoni, niwasikie."

Walisema. Mzee Luhende alisimama siku ya kwanza akiwa ameshika fimbo yake kama mtu aliyezuiwa benki. "Modesta, mkamwana wako amekuwa bubu?"

"Amekuwa fundi."

"Fundi hasalimii?"

"Ng'ombe wa Masele hawajambo, Luhende. Kuna lingine?"

Mzee alicheka mpaka akakaa. Kesho yake alirudi, na safari hii hakuulizia ng'ombe. Ndani ya wiki mbili watu walianza kuja kwa ajili ya Mama Modesta mwenyewe. Kija alimletea dagaa na habari, na salamu zote zikawa zinaishia kigodani. Wilhelmina alitengeneza pini mia na hamsini, akazifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, na Rozina akasema asilifungue yeye. Kuna mgeni wake, mtu wa kuzunguka nchi na kuandika, angekuwa anapita Mwanza. Yeye asiye wa nyumba hiyo ndiye alifungue.

Sasa mgeni huyo alikuwa amekaa kwenye jiwe, akidondoshewa miguuni kokoto zinazochambuliwa kwenye mchele.

Gesi ilizimwa. Kifuniko cha chungu kikasikika kikikaa mahali pake. Wilhelmina alitoka, akavua miwani iliyomwachia duara mbili nyekundu machoni, akapiga goti mpaka chini kabisa, kama anayelipa wiki tatu kwa mara moja.

"Shikamoo, mgeni wetu. Pole na safari. Mmeamkaje Musoma? Rozina hajambo? Nyumbani kwake? Mvua huko? Njia haikuwasumbua Lamadi?"

"Marahaba. Hawajambo wote. Mvua ipo. Njia ni nzuri."

"Na ulikotoka kabla ya Musoma?"

"Mama Winnie," mkwe alisema, "inuka. Hiyo nyingine utampa akishakula. Lete kopo."

Kopo lililetwa. Wilhelmina hakulitazama, alitazama kipande cha ziwa kinachoonekana kati ya majabali mawili. Tangu jana mchana hakuwa ametia kitu mdomoni. Mkoba wa safari alikuwa ameufunga usiku, akaufungua alfajiri akatoa nguo, akazirudisha.

Mgeni alitoa pini ya kwanza, akaishika mbele ya jua, akapitisha ukucha kuzunguka kichwa. Akaichomeka kwenye godoro. Ya pili. Alikuwa amewahi kuwaona wapuliza kioo katika nchi nyingine, wanaume wenye tanuri kubwa kama nyumba, na hakuna alichokishika huko kwa hofu kama hivi vitone vya chupa. Alipofika hamsini, Mama Modesta alikuwa ameacha kuchambua. Alipofika themanini, mchele ulikuwa chini na kuku wanakula, na hakuna aliyewafukuza.

Ya themanini na saba ilikuwa na mstari.

Mgeni aliigeuza. Mstari mwembamba, mweusi, kutoka juu ya kichwa mpaka shingoni. Mkono wake ulikawia, na kukawia huko kulitosha. Wilhelmina alifumba macho.

"Nipe," Mama Modesta alisema. Aliichukua, akaitemea mate, akaisugua kwa pindo la kanga, akaishika tena juani. "Hili ni jivu. Endelea."

Lilikuwa jivu kweli. Mgeni aliikagua mara tatu, akaichomeka safuni, akaendelea mpaka mia, mpaka mia na thelathini, mpaka mwisho. Kopo likabaki tupu. Aligeuza godoro upande huu na ule.

"Zote nzima," alisema.

Wilhelmina alikaa chini, palepale kwenye vumbi kati ya kuku. Alivua ndala kama mtu aliyefika nyumbani kutoka mbali. Alicheka kidogo, kisha akakumbuka njaa, akavuta sahani ya viazi vitamu vya jana vilivyopoa, akala kwa mikono miwili bila kumkaribisha mtu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Mama Modesta alimtazama akila na hakumkemea.

Simu ya Rozina iliita kabla kiazi cha pili hakijaisha.

"Ngapi?"

"Hakuna," Wilhelmina alijibu, mdomo umejaa.

"Hakuna nini? Mwanamke, usinitanie."

"Hakuna iliyopasuka."

Kukasikika kitu kama mtu anapiga meza kwa kiganja. "Sasa mbona bado unaongea na mimi? Basi la saa nane! Kiti chako nimekipangusa tangu juzi, usinifanye nionekane mjinga!"

Ilikuwa saa sita. Yaliyofuata yalikuwa ya haraka: maji ya kuoga, gauni la safari, daftari la tarehe na saa, godoro la pini ndani ya kopo, kopo ndani ya nguo, nguo ndani ya mkoba. Winnie alikuwa shuleni. Waliagana asubuhi kwa masharti, kama zitakuwa nzima mama anaondoka mwezi mmoja na anarudi na zawadi. Bajaji ya kumpeleka stendi ya Nyamhongolo ilianza kupiga honi kule chini barabarani, mahali ambapo mawe yanaruhusu magurudumu.

Wilhelmina alipiga goti mbele ya kigoda.

"Mama, nakuaga. Dawa yako ya presha iko juu ya kabati. Winnie asile barafu. Masele akija mwambie..."

"Nitamwambia."

"Na kwenye chungu kuna pini moja. Ile ya kilemba chako, uliyoitaka. Nimeimaliza sasa hivi mgeni alipofika. Usifungue, mama. Mpaka kesho saa nne."

"Kesho saa nne."

"Hata kuchungulia."

"Nimesikia."

"Mama..."

Honi ikalia tena, ndefu. Wilhelmina bado alikuwa chini, na ilionekana ana salamu nyingine nyingi za kutoa, za wiki tatu na za mwezi unaokuja. Mama Modesta alimshika bega akamwinua.

"Simama, usije ukanipasukia hapa. Nenda."

Alikwenda. Kichwa chake kilionekana nyuma ya jiwe la bluu, kisha nyuma ya jingine, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga. Alipofika kwa fundi cherehani aligeuka, akakunja magoti mara moja ya mwisho, kwa mbali, na mtaa ukamficha.

Mgeni alisimama na kutafuta mkoba wake.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama Modesta aliuliza. "Aliyekuja kushuhudia anaondoka na njaa? Kuna samaki sato jikoni. Kaa."

Akakaa. Baada ya muda fimbo ilisikika ikigonga mawe, na Mzee Luhende akatokea. Aliitazama kanga nyekundu mlangoni, akamtazama mama.

"Yupo kazini?"

"Amepanda basi. Zote nzima, Luhende. Mia na hamsini."

"Ahsante Mungu!" Mzee akampa mgeni mkono, akarudi kuitazama kanga. "Na hiyo mbona bado iko?"

"Kuna kitu ndani kinapoa."

"Aa." Mzee Luhende alikaa taratibu, akailaza fimbo chini kwa uangalifu, akashusha sauti. "Basi tuongee polepole."